Choya ya Uani: Namna ya Kuipanda kwa Wakati, Kuichuma Ikiwa Laini na Kuikausha Bila Kupoteza Rangi

Kila mwaka ifikapo mwezi Mei hupokea picha ileile kutoka kwa wasomaji mbalimbali: shina la choya lisilofika magotini, lenye majani machache na vikombe vinne au vitano vyekundu vya kutengenezea juisi, likiambatana na swali kwamba litiwe mbolea gani. Jibu langu huwaudhi wengi, kwa kuwa hakuna mbolea inayoweza kurudisha miezi mitatu iliyokwisha kupita. Shina hilo halina njaa. Lilipandwa kwa kuchelewa.

Wapo pia waliopanda kwa wakati, wakapata mashina marefu kuliko wao wenyewe, kisha wakapoteza mavuno yote juu ya bati la jiko, ambako vikombe vyekundu viligeuka rangi ya ugoro kwa siku 2 tu. Mwongozo huu ni wa makundi yote mawili. Tarehe na vipimo vyake ni vya uani kwangu Dodoma, ambako mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Pale ambapo mkazi wa pwani anapaswa kufanya tofauti, nimeeleza.

## Kwanza, hakikisha ni choya

Choya, ambayo wengine huiita rozela, kwa jina la kitaalamu ni *Hibiscus sabdariffa*. Ina undugu na haibiskasi ya mapambo inayopandwa kuzunguka nyumba, lakini tabia zake ni tofauti. Haibiskasi ya mapambo hupandwa kwa vipandikizi na huishi miaka mingi, ilhali choya hupandwa kwa mbegu, huchanua, huzaa na kukauka ndani ya msimu mmoja.

Kinachotengenezewa juisi si petali. Ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki na kunenepa baada ya petali kudondoka. Katika mwongozo huu nitakiita kikombe, na kile kiduara cha mbegu kilichofichika ndani yake nitakiita kitumba.

## Mahitaji kwa mashina 10

Mashina 10 yaliyotunzwa vizuri yanaitosha familia ya watu watano au sita. Andaa vitu vifuatavyo kabla ya kushika jembe:

- Mbegu 40 za msimu uliopita, kutoka kwenye mashina yenye vikombe vinene na vyekundu.
- Eneo la mita 2 kwa mita 5 linalopata jua kwa saa 6 au zaidi kila siku.
- Ndoo mbili za lita 20 zilizojaa samadi iliyooza vizuri, isiyo na joto wala harufu kali.
- Jembe, kisu kidogo chenye ncha na kamba ya kupimia.
- Nyasi kavu au mabua ya mahindi kwa ajili ya matandazo.
- Miiba au wavu wa kuzuia kuku na mbuzi.
- Fremu ya mbao yenye wavu, au nyungo mbili kubwa, kwa ajili ya kukaushia.
- Mitungi ya kioo au ndoo za plastiki zenye mifuniko inayobana.

Tahadhari kuhusu mbegu. Ipo choya inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, ambayo hurefuka sana na kutoa vikombe vyembamba visivyo na nyama. Mbegu zake huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwa hiyo usinunue mbegu kabla ya kuonyeshwa vikombe vikavu vilivyotoka kwenye mashina hayohayo.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe ya kupanda

Hatua hii ndiyo inayobeba mwongozo mzima, nami naomba isirukwe hata na wazoefu.

Choya huhesabu urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, hukuza shina, matawi na majani. Mchana ukipungua na kukaribia saa 12, huacha kurefuka na kuanza kutoa maua, hata kama bado ni mche mchanga. Hapa Dodoma mchana wa Desemba hukaribia saa 12 na dakika 30, na ule wa Juni hushuka hadi kama saa 11 na dakika 45. Sisi hatuihisi tofauti hiyo ya dakika 45, lakini choya huihisi, na ifikapo Aprili huchanua bila kujali kama ina miezi minne au wiki tano.

Kwa hiyo panda kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari, mara tu mvua inapolowesha udongo hadi kina cha kiganja. Shina lililopandwa wakati huo hupata miezi mitatu au zaidi ya kujenga matawi, na maua hutoka kwenye matawi hayo. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Machi, nikiamini kwamba udongo uliokwisha kulowa vizuri ndio bora zaidi. Mashina 12 yalinipa vikombe vya kujaza bakuli moja la uji.

Kwa wakazi wa Tanga, Pwani na Dar es Salaam. Kosa la kawaida kwenu ni kusubiri masika ya Machi. Pandeni na vuli, mwezi Novemba au Desemba, kisha mbebe maji katika kiangazi cha Januari na Februari. Aliyekwisha kuchelewa hadi Machi asiache kupanda, ila abadilishe mpango: apande kwa nafasi ya sentimita 40 hadi 50 badala ya mita 1, asikate ncha kama inavyoelezwa katika hatua ya 5, na ategemee wingi wa mashina badala ya ukubwa wa kila shina.

Walio kaskazini mwa ikweta, kwa mfano kaskazini mwa Uganda, wageuze kalenda, kwa sababu kwao mchana huanza kupungua baada ya Juni. Mvua za Aprili na Mei ndizo za kupandia huko.

Dalili ya kufanikiwa: ifikapo mwisho wa Machi, shina liwe limefika kiunoni au kifuani na lina matawi mengi, bila ua hata moja.

## Hatua ya 2: Andaa mahali na mashimo

Chagua sehemu yenye jua ambayo maji hayatuami. Choya huvumilia udongo dhaifu na ukame wa siku kadhaa, lakini haivumilii mizizi yake kukaa ndani ya maji, kwa kuwa huoza kuanzia kwenye kitako cha shina. Kama udongo wako ni mweusi wa mfinyanzi, inua matuta ya sentimita 20 na upande juu yake.

Usipande mahali palipokuwa na bamia au pamba msimu uliopita. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na choya, na huacha udongoni minyoofundo wanaovimbisha mizizi, pamoja na wadudu wanaohamia moja kwa moja kwenye zao jipya.

Chimba mashimo ya upana na kina cha sentimita 30, umbali wa mita 1 kutoka shimo hadi shimo. Changanya udongo wa kila shimo na lita 3 hadi 4 za samadi, kisha urudishe. Nafasi ya mita 1 huonekana kubwa mno wakati miche ikiwa na majani mawili, na hapo ndipo wengi hushawishika kupenyeza shina jingine katikati. Usifanye hivyo. Mashina yaliyobanana hurefuka kutafuta mwanga, hayatoi matawi ya chini, na upepo wa Mei huyaangusha.

Tahadhari: usizidishe samadi na usitie yurea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi. Naitrojeni ikizidi, choya hunawiri majani mapana ya kupendeza na kutoa vikombe vichache. Kama lengo lako ni mboga ya majani, hilo si kosa. Kama ni juisi, ni hasara.

## Hatua ya 3: Loweka na kupanda mbegu

Jioni moja kabla ya kupanda, loweka mbegu katika maji ya kawaida na uziache usiku kucha. Ganda la mbegu ya choya ni gumu, na kuloweka hulilainisha ili mbegu zote ziote kwa pamoja. Asubuhi tupa zinazoelea, kwa sababu nyingi kati ya hizo ni tupu ndani.

Panda mbegu 3 katika kila shimo, kwa kina cha sentimita 2, zikiachana kwa upana wa vidole vitatu ili baadaye uweze kung'oa mmoja bila kutikisa mwingine. Fukia, shindilia kidogo kwa kiganja na umwagilie. Mbegu 10 zilizobaki zioteshe katika makopo, ziwe akiba ya kujazia mapengo.

Ni bora kupanda moja kwa moja shimoni kuliko kuhamisha miche, kwa kuwa choya hushusha mzizi mkuu mapema, na mzizi huo ukikatika mche hukaa wiki mbili ukiwa umenyong'onyea. Miche ya akiba ihamishwe kabla haijazidi urefu wa sentimita 10, wakati wa jioni, pamoja na udongo wake.

Zungushia miiba siku hiyohiyo. Kuku hawasubiri mbegu iote. Hufuata udongo uliofukuliwa.

Katika joto la Desemba mbegu huota kwa siku 4 hadi 7. Ikipita siku ya 10 bila kuona kitu, chimbua mbegu moja na uitazame: ikiwa imevimba na kuoza, maji yalizidi, ikiwa ngumu kama ilivyokuwa, haikulowekwa vya kutosha au udongo ulikauka.

## Hatua ya 4: Bakiza mche mmoja

Miche ikifika sentimita 10, bakiza ule wenye shina nene kuliko yote na uikate mingine kwa kisu usawa wa ardhi. Kung'oa huvuruga mizizi ya unaobaki. Najua mkono huwa mzito katika kazi hii, lakini mashina matatu katika shimo moja huzaa pungufu ya shina moja lililoachiwa nafasi.

## Hatua ya 5: Kata ncha

Shina likifika kati ya sentimita 40 na 50, kwa kawaida wiki ya 6 hadi ya 8, kata ncha yake juu ya jani la nne au la tano kutoka juu. Ncha ndiyo inayozuia macho ya pembeni yasichipue. Ikiondoka, matawi ya chini huamka, na mmea hupanuka badala ya kurefuka.

Ncha hizo usizitupe. Majani machanga ya choya ni mboga yenye uchachu, nayo hupendeza yakipikwa pamoja na mboga nyingine isiyo chachu na kuungwa kwa karanga.

Tahadhari: usikate ncha baada ya katikati ya Machi, wala ukishaona tumba la ua. Wakati huo utakuwa unakata mavuno.

## Hatua ya 6: Palizi, matandazo na maji

Palilia mara mbili katika miezi miwili ya kwanza, kwa jembe jepesi lisilozama zaidi ya sentimita 5. Baada ya hapo kivuli cha majani hulizuia gugu lenyewe. Ukimaliza palizi ya kwanza, tandaza nyasi kavu kwa unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina ili kitako kisikae na unyevunyevu.

Mvua ikikatika katikati ya msimu, jambo ambalo Dodoma ni la kawaida mwezi Februari, kila shina lipewe lita 5 mara mbili kwa wiki. Muda mgumu zaidi huja mwishoni. Mvua huondoka Aprili, wakati ambapo vikombe ndiyo kwanza vinaanza kunenepa, na shina lenye matawi 15 likikosa maji hapo hudondosha matumba yake. Kuanzia mvua inapokatika hadi mwisho wa kuchuma, mwagia lita 10 kwa kila shina kila baada ya siku 4 au 5, polepole, chini ya matandazo. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa kwa kazi hii. Yenye sabuni nyingi hayafai.

## Hatua ya 7: Kagua wadudu

Choya ni sugu, na kwa uani sioni sababu ya kupulizia sumu kwenye kitu utakachokunywa. Kuna wadudu watatu wa kuangaliwa.

Wa kwanza ni mbawakavu wadogo wanaoruka kama viroboto, ambao hutoboa majani ya miche matundu mengi ya duara. Nyunyiza majivu makavu juu ya majani asubuhi, kabla ya umande kukauka, na urudie kila baada ya mvua. Mche ukivuka majani sita, hauna wasiwasi nao tena.

Wa pili ni vidukari, ambao hujikusanya kwenye ncha laini na kuzikunja. Kamua kwa vidole zile chache zilizoathirika. Wakizidi, pulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, jua likiwa limeshuka.

Wa tatu ni kangambili, yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayejulikana sana na wakulima wa pamba. Huyu hufuata mbegu, hivyo hutokea vitumba vinapokomaa. Mkung'ute ndani ya ndoo yenye maji ya sabuni wakati wa asubuhi, akiwa bado mzito kwa baridi. Anayechuma kwa wakati, kama inavyoelezwa hapa chini, humwona kwa nadra.

## Hatua ya 8: Chuma vikombe vikiwa laini

Ua la choya hufunguka asubuhi likiwa la manjano iliyofifia, na katikati yake kuna doa jekundu lililoiva. Hujifunga siku hiyohiyo na kudondoka. Msomaji anayeona maua yakianguka namna hiyo hudhani mmea unaumwa; sivyo, ndivyo unavyozaa. Baada ya petali kuanguka, kikombe huanza kunenepa, na wiki 2 hadi 3 baadaye huwa tayari.

Usihesabu siku peke yake, bali tumia mkono. Shika kikombe kimoja na ukiinamishe upande mmoja. Kikikatika kwa mlio mkavu mfupi, kama bamia changa inavyokatika, kiko tayari. Kikipinda bila kukatika na kuacha nyuzi, umechelewa. Kisha kipasue kimoja utazame ndani: kitumba kinachofaa ni cha kijani na mbegu zake bado ni nyeupe. Kitumba kikianza kuwa cha kahawia, kikombe huwa kimekakamaa, nyama yake imepungua, na vijinywele vya kitumba huingia kwenye juisi na kuwasha koo.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka, kwani wakati huo vikonyo hukatika kwa urahisi kuliko jioni. Rudi kila baada ya siku 7 hadi 10. Kwa kuwa shina hujaribu kutengeneza mbegu, kila unapoziondoa huendelea kutoa maua mengine. Ukiliacha lizae mbegu zake zote, hufunga kazi mapema. Shina lililotunzwa vyema hutoa kilo 1 au zaidi ya vikombe vibichi, kati ya Mei na Julai.

## Hatua ya 9: Toa vitumba, kisha kausha kivulini

Osha vikombe haraka katika maji safi na uvichuje. Kata kitako cha kila kikombe kwa ncha ya kisu, mkato mdogo wa duara, kisha sukuma kitumba kwa kidole gumba kitokee upande wa pili. Nyama hubaki ikiwa nzima, kama kikofia kidogo chenye meno matano. Kazi hii huchosha vidole na huvichafua kwa wekundu, kwa hiyo huwa naiwekea watu watatu na ungo katikati.

Kukausha pamoja na kitumba ndiko kunakoharibu mavuno ya wengi. Kitumba kina unyevu mwingi usioonekana. Nyama ya nje hukauka, wewe hufunga chombo, na baada ya wiki mbili ukungu huwa umejaa.

Tandaza vikombe kwenye fremu yenye wavu, tabaka moja tu, mahali penye kivuli na upepo. Nyanyua fremu kwa matofali ili hewa ipite chini. Usitumie bati wala turubai juani: jua kali huichubua rangi nyekundu, na vumbi la Dodoma hunata kwenye nyama ambayo bado ina majimaji. Usiku ingiza ndani, maana umande hurudisha unyevu wote uliotoka mchana.

Katika upepo mkavu wa Juni huku kwetu, siku 3 hadi 5 zinatosha. Pwani, ambako hewa ina unyevu, kazi huweza kuchukua wiki nzima. Ni vyema kupasua kila kikombe vipande viwili na kukikagua kila jioni. Chochote chenye utando mweupe kitupwe chote, wala kisikwanguliwe na kurudishwa.

Dalili ya kufanikiwa: kikombe kikavu huvunjika kikisagwa kwa vidole, hakikunjiki, na rangi yake ni nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kilo 10 za vikombe vibichi hutoa takriban kilo 1 kavu, kwa hiyo usishangae ndoo inapogeuka kuwa mtungi mmoja.

Hifadhi katika mtungi usiopitisha hewa, ndani ya kabati lenye giza. Siku 7 za mwanzo fungua na uchungulie: ukiona mvuke kwenye kioo, rudisha vyote kwenye fremu siku hiyohiyo. Na utakapopika, epuka sufuria ya alumini, kwani uchachu wa choya huila na kubadili ladha. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya udongo.

## Hatua ya 10: Weka mbegu za mwaka ujao

Tangu kuchuma kwa mara ya kwanza, chagua mashina 2 yenye vikombe vinene na uyafunge kitambaa kama alama. Kwenye kila shina acha vikombe 3 bila kuvigusa, katika matawi ya katikati. Choya kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe, hivyo watoto hufanana na mama.

Vitumba vikiwa vya kahawia na vimeanza kufunguka midomo, vikate na uvimalizie kukausha ndani ya bahasha ya karatasi, kabla havijapasuka na kumwaga mbegu ardhini. Kila kitumba kina mbegu zaidi ya 20. Sita vinakupa mara tatu ya unachohitaji. Changanya mbegu na majivu yaliyochekechwa, zifunge katika chupa kavu, na uandike mwaka juu yake. Zilizozidi misimu miwili panda 5 badala ya 3 katika kila shimo.